R ya Rebeka

Nyarugusu, Geita
Jumapili, 7 Juni 1998

Mama Rebeka mpenzi,

Mwangaluka! Unaona nimejifunza, hata kama hapa kambi ya dhahabu kila mtu ametoka kwao na salamu ya Kisukuma naipata kwa muuza maziwa tu. Nimefika salama, afya ninayo, na chumba nilichopewa kina dirisha. Kinachopungua ni wewe na mtoto.

Kazi yenyewe si ya kuniua. Bwana Gregory, mwenye maduara mawili hapa, yaani mashimo ya kuchimbia, ana pampu tatu za maji, zote wagonjwa wa zamani. Duara likijaa maji wanaapolo hawashuki, ndivyo wachimbaji wanavyojiita, na wasiposhuka Gregory anazunguka kambi nzima akisema peke yake. Basi tangu nifike mimi ni daktari. Nafungua, nasafisha, nafunga, maji yanatoka, watu wananipigia makofi. Kule kiwandani nilitengeneza mitambo ya pamba miaka yote ile hakuna aliyenipigia makofi. Walinipunguza tu.

Barua yako aliyoileta Edward kwenye lori la duka la mithai la akina Disha nimeisoma mpaka imechakaa. Lakini Mama Rebeka, "utaludi lini"? Mwanamke aliyemaliza sekondari, fundi seremala anayejulikana Kolandoto nzima, anaandika "utaludi"? Nilicheka mpaka jirani akagonga ukuta. Rebeka ndiyo kwanza anajifunza kuandika, asije akaandika jina lake Lebeka tukaitwa shuleni. Labda ukiandika "kalibu" za mithai. Hapo L ni halali yako, usiibadilishe.

Na jibu la swali lako ni hizo hizo kalibu. Tulivyokubaliana ndivyo. Disha anataka vibao vya kalibu kwa ajili ya Diwali, kila kibao kiwe na mashimo ya duara yenye ua chini yake, yote sawasawa, ili mithai zake zitoke kama mapacha. Mashine yetu ya kuchonga mbao ikimtolea kibao kimoja safi kabla ya mwisho wa Septemba, kazi ni yetu mwaka huu na miaka ijayo, nami narudi nyumbani, nishike waya na wewe ushike mbao. Isipotoa, nitabaki huku na pampu, maana kiwanda hakiniiti tena. Kurudi kwangu kuko mikononi mwa mashine, na mashine iko mikononi mwako.

Kompyuta nimeiachia programu ya mduara. Ukiiwasha, andika "ua", bonyeza, ukae pembeni. Zile mota nilizozitoa kwenye printa mbovu zikipata moto zipumzishe. Ila jambo moja nakuomba, kama mumeo na kama fundi mwenzako: usiguse reli. Reli zile za kabati la mafaili, zenye gololi ndani, ndizo zinazoupitisha mkono wa mashine kwenda na kurudi. Nilizipanga mwenyewe kwa uvumilivu ambao sina tena. Ukizifungua, gololi zitatawanyika uani na kuku watazila.

Namtumia Rebeka jiwe la hapa. Mwambie aligeuze juani ataona chembe inayong'aa. Gregory anasema halifai hata kusagwa, lakini ni zito na ni zuri, na mimi limenipendeza.

Wako anayekuwaza,
Kalisti (Baba Rebeka)


Kolandoto, Shinyanga
28 Juni 1998

Baba Rebeka,

Wabeja kwa barua na kwa jiwe. Rebeka analilaza kitandani kwake na kulifunika shuka. Sote wazima.

Kuhusu kucheka kwako, sawa, cheka. Mrombo aliyeishi Usukumani miaka yote hii na bado hawezi kutamka "ng'wana" bila kujing'ata ulimi ananicheka mimi! Lakini nimekusikia. R hunikimbia nikiandika kwa haraka, au moyo ukinipanda. Basi lile neno lililokuchekesha hutaliona tena kwenye barua zangu. Nitakuandikia Kiswahili cha vitabuni, uone.

Mke mwenzangu hajambo. Nisamehe, ndivyo Disha anavyoiita mashine yako, na jina limeshika. Inalala ndani, inakula umeme wangu, na kila siku natakiwa niifute vumbi. Niliiwasha kama ulivyoelekeza. Niliipa mbao ya mninga, kavu, niliyoipiga randa mwenyewe. Ikanguruma, ikachonga, nami nimesimama roho mkononi. Mashimo yakatoka mayai.

Sikutanii. Upande mmoja ni duara, upande wa pili pamebonyea. Disha alipokuja alitia kidole ndani ya shimo, akazungusha, akasema, "Bernadina, nimekuomba kalibu za mithai, wewe umenipa za mayai. Watu watasema mwaka huu Disha anauza mayai ya bata." Tulicheka sana. Alipoondoka sikucheka.

Nimeitazama kwa makini. Ikienda mbele inakwenda vizuri. Shida ni pale inapogeuka. Skrubu ndefu inaanza kuzunguka, lakini mkono unabaki umesimama kidogo kana kwamba unajishauri, ndipo unafuata. Na reli zako zinasaga kama mtu anayetafuna mchanga, maana unga wa mbao umejaa kwenye gololi. Niruhusu nizifungue. Mimi nimezaliwa ndani ya unga wa mbao, najua unapojificha.

Nimejitahidi, Kalisti, na nimechoka. Nyumba hii ina vitu viwili vyenye tabia moja. Mkono haulejei, na wewe hulejei.

Mkeo,
Bernadina


Nyarugusu
12 Julai 1998

Mama Rebeka,

Barua yako niliisoma nimesimama, nikaisoma tena nimekaa. Uliposema mashine hailegei na mimi silegei, neno lile liliniingia kama mwiba. Siku ya kwanza nilikasirika. Nikajiambia, mimi huku nalala na harufu ya dizeli kwa ajili yao, halafu naambiwa silegei! Nilianza barua ya ukali. Namshukuru Mungu lori la Edward liliharibika wiki ile.

Baadaye nikafikiri. Ni kweli, silegei. Tangu mwanzo uliniambia gololi hazitapatana na unga wa mbao, nikakujibu kwamba mimi ndiye niliyefanya kazi na mitambo. Uliniambia meza iwe ya mninga, nikang'ang'ania chuma, na chuma kikapinda. Mama yangu kule Rombo alikuwa akisema nilizaliwa nimekunja ngumi. Haya, mke wangu, nalegea. Fungua reli. Badilisha unachotaka. Ukiona gololi hazifai wape watoto wachezee. Nakuomba tu usinieleze kila kitu, nitaumia.

Na kuhusu mkono umenifumbua macho. Kama haulegei, basi nati zimebana skrubu mno, ndiyo maana unasita kabla ya kufuata. Chukua spana, zilegeze nati zote mbili, zizunguke bila taabu. Mashimo yatatoka duara kama sahani.

Habari za huku ni winchi. Gregory ameniongezea kuitazama winchi ya duara la pili, na usidhani ni ya umeme. Ni gogo lenye mpini kila upande, kamba na ndoo. Nimejifunza kitu. Wanaapolo hawaiogopi kamba ikiwa na ndoo iliyojaa mawe. Wanaiogopa ndoo ikiwa tupu. Kamba yenye mzigo imenyooka: ukizungusha mpini kidogo ndoo inapanda kidogo, ukirudisha inashuka vilevile. Ndoo ikiwa tupu kamba inachezacheza, unazungusha mpini na huko chini hakuna kinachotokea, halafu ghafla ndoo inaruka na kumgonga mtu. Mpishi wetu, Mzinza mmoja mwenye maneno, husema kamba tupu ni mwongo. Nimekuandikia kwa sababu nilijua utaipenda.

Mumeo aliyelegea,
Kalisti


Kolandoto
2 Agosti 1998

Baba Rebeka mpenzi,

Nilipofungua barua yako nilidhani Edward amekosea mlango. Huyu anayeandika "ni kweli, silegei" ni mume wa nani? Mimi sikumbuki kukuambia hivyo, labda nilisema kwa hasira nikasahau. Lakini mtu akiungama mwenyewe, mwenye adabu hamkatizi. Nimekusamehe yote, pamoja na ile meza ya chuma.

Ila kwenye nati umekosea, mume wangu. Sijui nani kakuambia zimebana. Nimezilegeza kama ulivyoagiza, nikachonga. Kwanza yalikuwa mayai, sasa ni mapapai. Safari hii Disha alikohoa tu.

Usife moyo. Reli nimezifungua, kidogo tu, nikazifuta. Halafu nikakaa na barua yako nikairudia ile habari ya winchi na kamba. Sisemi zaidi kwa leo. Nakuomba shafti mbili za chuma, nyoofu na laini, unene wa kidole gumba, urefu futi tatu. Kama kuna pampu iliyokufa kabisa huko, itoe mifupa yake. Usiulize za nini, maana wewe mwenyewe umesema nisikueleze.

Rebeka ameng'oka jino la mbele, anapiga mluzi akisema "shikamoo". Mimi nikisonga ugali bado najikuta nimesonga wa watu watatu, na kiporo wanakula kuku. Disha ananikataza kukuandikia mambo ya namna hii, eti nitakutia huzuni. Nakuandikia hivyo hivyo. Nimechoka kuwa na mume wa karatasi. Mashine ipone isipone, nakuomba neno moja. Lejea, Baba Rebeka. Mengine yatajipanga yenyewe.

Wako,
Bernadina


Shinyanga mjini
20 Agosti 1998

Shemeji Kalisti,

Habari za kazi na vumbi? Mimi nimezoea kuandika oda, barua siziwezi, kwa hiyo nakwenda moja kwa moja.

Edward anasema Gregory anataka ukae miaka miwili, uwe mkuu wa pampu zake zote, na atakujengea nyumba. Anasema hujamjibu. Shemeji, Edward ni dereva mzuri lakini mdomo wake hauna kifuniko. Kama Bernadina hajajua, atajua. Mwambie mwenyewe. Mimi sitamwambia, kwa sababu baba mkwe wangu, Mzee Mansukhlal, amenikataza kuingia kati ya mtu na mkewe, na katika hilo namtii.

La pili. Mashine yako wiki hii sijaiona imesimama. Mkeo ameitandaza sakafuni yote kama mbuzi wa sikukuu. Juu ya jiko anachemsha vipande vya mpingo kwenye mafuta, harufu inafika barabarani. Nilimuuliza anafanya nini, akasema anapika. Mimi mashine sizielewi. Ninachoelewa ni mithai, na Diwali mwaka huu ni tarehe 19 Oktoba, haimngoji mtu. Mwisho wa Septemba kama sina kibao cha mviringo nitaagiza kalibu za plastiki kutoka Mwanza, nami nitasikitika, maana mithai iliyolala kwenye mti ina harufu yake.

Msinisikitishe kwenye sikukuu yangu.

Disha


Nyarugusu
30 Agosti 1998

Mama Rebeka,

Shafti mbili anazo Edward, nimezifunga gunia zisikwaruzwe. Zimetoka kwenye pampu iliyokufa, nimezipiga msasa mpaka nikajiona uso. Sikuulizi za nini. Nimesikia kuna mtu anapika mpingo, lakini sikuulizi.

Sasa jambo lenyewe. Najua unajua. Gregory anataka nikae hapa miaka miwili, niwe mkuu wa pampu, na nyumba atanijengea. Nilipaswa kukuambia mimi, wala si Edward. Nilinyamaza kwa sababu nilitaka kukataa, na nilitaka usikie habari pamoja na jibu lake.

Ndipo ikaja barua yako. "Mashine ipone isipone, nakuomba neno moja. Legea, Baba Rebeka." Nikaelewa. Umeshaambiwa habari za Gregory, umepima, umeona heri nilegee nimkubalie. Tena ukaisema kwa upole, bila kunilaumu kwa mashine niliyokuachia mbovu. Nakushukuru kwa upole huo.

Sitakuficha, nililia. Sina hasira na wewe hata kidogo. Ni kwamba nilikuwa nimejiandaa kusoma kwamba unanitaka nyumbani. Lakini niliahidi kulegea, na mtu halegei kwenye reli tu halafu kwenye mambo makubwa akakaza. Gregory yuko Mwanza, anarudi mwisho wa Septemba. Akifika natia sahihi. Shule zikifungwa mtakuja huku, dirisha lipo.

Msalimie mke mwenzako. Mwambie nilimpenda, ila hatukuandikiwa.

Kalisti


Kolandoto
13 Septemba 1998

Kalisti!

Usitie sahihi. Nimeanza na hilo ili hata chai ikimwagikia barua hii mstari wa kwanza ubaki. Usitie sahihi!

Habari za Gregory nimezisikia kwako kwa mara ya kwanza. Edward, kwa mara moja katika maisha yake, alifunga mdomo. Sasa nilipofika pale panaposema "Legea, Baba Rebeka" niliwaka. Mimi nikuambie ulegee? Kwa Gregory? Nilitoka na barua mkononi, na aproni yangu ya kazini, mpaka mjini dukani kwa Disha. Nikamsomea. Disha akauliza, "Kwani wewe ulimwandikia nini?" Nikamwambia nilimwandikia aje nyumbani. "Kwa neno gani?" Nikatoa penseli ya useremala sikioni, nikaliandika kwenye boksi la sukari, kwa mwandiko wangu ule ule. Disha akalitazama, akasoma kwa sauti: "Legea."

Nikasema, siyo legea, ni lejea! Akasema, "Lejea ndiyo nini?" Nikasema, kulejea! Kuludi! Akanitazama, nikamtazama. Akaketi juu ya gunia la unga akacheka mpaka Mzee Mansukhlal akatoka ofisini kuuliza nani kafa.

J yangu mkia wake umekunjika kama wa G, nakiri, na R ilinikimbia kama kawaida yake. Lakini mwenye kosa ni wewe! Wewe ndiye uliyenicheka kwa "utaludi". Ningekuandikia neno langu la kila siku ungelielewa hata usingizini. Nikaona haya, nikaenda kutafuta neno la vitabuni ili mume wangu asinicheke, na neno la vitabuni likataka kuninyang'anya mume. Haya, soma sasa polepole. Mkono ulikuwa HAUREJEI. Wewe ulikuwa HUREJEI. Na mwezi wa nane nilikuambia REJEA. Kwa R ya Rebeka. Nimemwita mwenyewe aiandike hapa ili usiwe na shaka: R R R.

Halafu nikashtuka. Kumbe hata nati ulinilegezesha kwa sababu hiyo! Na yale maungamo yako, "ni kweli, silegei", niliyoyasoma nikayasoma na kuyaweka chini ya mto, kumbe ulikuwa unajibu kitu ambacho sikusema. Siyarudishi, Kalisti. Yameshapokelewa.

Sasa keti nikueleze mke mwenzangu, hata kama utaumia. Sikuzifungua reli kidogo. Nilizitoa zote. Nilikumbuka mkokoteni wa ng'ombe wa baba yangu, Mzee Masele. Ule haukuwa na gololi hata moja. Ekseli ilizunguka ndani ya vipande vya mti mgumu vilivyochemshwa kwenye mafuta, na ukapita kwenye vumbi la kiangazi miaka na miaka bila kulia. Nikakata mpingo, nikauchemsha mpaka ukashiba mafuta, nikautoboa kwa saizi ya shafti zako, kisha nikapasua kila kipande katikati na kukifunga kwa boliti, ili kikilika nikaze. Ndivyo vinavyoteleza juu ya shafti. Mdomoni mwa kila kipande nimeweka ukanda wa blanketi kuukuu unaofuta unga kabla haujaingia. Hakuna kusaga tena. Ukiusukuma mkono kwa kidole kimoja unakwenda.

Lakini kuteleza peke yake hakukuondoa papai. Dawa yake uliniandikia wewe bila kujua. Mkono wetu ulikuwa ndoo tupu. Skrubu ikigeuka, nati inachezacheza kwanza, ndipo mkono unafuata, na pale pale duara linabonyea. Kamba tupu ni mwongo! Basi nikafunga kamba kwenye mkono, nikaipitisha kwenye kapi ukingoni mwa meza, nikaning'iniza mzigo. Sasa uende mbele, urudi nyuma, mkono umevutwa upande mmoja tu wa meno ya skrubu, hauna nafasi ya kucheza. Meza nayo nimeifanyia vivyo hivyo kwa mfuko wa mchanga. Na nati nimeziacha zimelegea kama ulivyoagiza. Nilijaribu kuzikaza, mota zako ndogo zikashindwa kuuvuta mzigo, zikabaki zinalia. Kwa hiyo kosa lako nalo limepata kazi.

Mzigo wa mkono ni jiwe lako. Nilijaribu tofali, likawa zito mno. Chupa ya maji ikawa nyepesi. Rebeka akaniazima jiwe kwa sharti kwamba jioni lilale kitandani kwake. Asubuhi nalifunga, jioni nalifungua. Wewe ulisema halifai hata kusagwa.

Jana Disha alikuja. Alitia kidole kwenye shimo la kwanza, akazungusha, akafumba macho, akazungusha tena. Akafanya hivyo kwa kila shimo. Kisha akatoa kwenye mkoba maziwa aliyoyapika yakakauka, na iliki ndani yake, akayabonyeza, akakipindua kibao juu ya kiganja. Ikadondoka mithai ya duara kabisa, na ua juu, halikukosa hata jani. Aliimega vipande, tukala tumesimama, yeye na mimi na Rebeka, na cha nne akakiweka kando kwenye karatasi. Nikamuuliza hiki cha nani. Akasema, "Cha yule anayelegea." Vibao vyote anavitaka, na vya duka lao la Tabora, na baada ya sikukuu anataka vya harusi. Peke yangu sitaweza. Na hata ningeweza, sitaki.

Basi kalibu ziko tayari, kwa L. Na wewe karibu nyumbani, kwa R. Nimezikagua herufi zote mbili.

Usinijibu kwa barua. Nenda Geita ukapige simu ya maandishi. Kule herufi zote ni kubwa, J ni J na G ni G, hakuna mkia wa kumpoteza mtu.

Mkeo asiyelegea,
Bernadina (Mama Rebeka)


SIMU YA MAANDISHI
Posta Geita, 22 Septemba 1998
Kwa: Bernadina Masele, Kolandoto, Shinyanga

NALEJEA JUMAMOSI. PAMPU NIMEMWACHIA GREGORY. KIPANDE CHANGU KISILIWE. MLANGO ULEGEE. BABA LEBEKA